AMEPASULIWA JANA, LEO YUKO NYUMBANI: KIKUNDI KIFANYE NINI?



Katika vikundi vyetu tumezoea jambo moja. Mwenzetu akilazwa hospitali, tunachanga, tunakodi matatu, tunabeba uji kwa chupa na matunda, tunaenda kumwona. Tunaomba pamoja naye. Siku akiruhusiwa tunasema, "Mungu ni mwema, sasa amepona," na kila mtu anarudi kwa shamba lake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna upasuaji mwingi ambao mgonjwa halazwi muda mrefu, hata ule wa saratani. Anaingia asubuhi, anapasuliwa, na jioni ile ile au kesho yake anaambiwa aende nyumbani. Ile kazi ambayo zamani ilifanywa na wauguzi kwa wadi, sasa inafanyika nyumbani kwake. Kwa hivyo pale tunaposema amepona, ndipo kazi yetu inaanza.

Tutaeleza habari hii kwa kutumia saratani ya matiti, kwa sababu ndiyo inayopata kina mama wengi zaidi katika Kenya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake karibu kina mama 6,800 nchini waligunduliwa kuwa nayo. Karibu kila kikundi kinamjua mmoja.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ametolewa titi na tezi za kwapani. Amerudi nyumbani siku ya pili na chupa ndogo imening'inia ubavuni. Siku ya nne usiku anahisi baridi na kutetemeka. Hasemi kitu. Anafikiri, "Watu wamenichangia sana, nisiwasumbue tena." Siku ya sita kidonda ni chekundu na kimoto. Bado anasema, "Niko sawa." Siku ya tisa anabebwa na bodaboda akiwa hajijui, na usaha unatoka. Dawa ya siku ya nne ingekuwa vidonge tu. Ya siku ya tisa ni kulazwa, kupasuliwa tena, na pengine kifo.

Huyu mama hakukosa pesa wala upendo. Alikosa mtu wa kumwuliza swali na kungoja jibu.

KWA NINI WANAMRUHUSU MAPEMA?

Wengine husema, "Wamemfukuza kwa sababu hana pesa." Mara nyingi si hivyo. Katika miaka ya 1990 daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, alijiuliza: Ni kitu gani hasa kinachomweka mgonjwa kitandani baada ya upasuaji? Aliona kwamba ni maumivu, kutapika, kukaa na njaa, na kule kulala tu. Basi yeye na wenzake wakaanza kutibu maumivu mapema, kumpa mgonjwa chakula na kinywaji mapema, na kumwamsha atembee mapema. Wagonjwa wakapata nguvu upesi. Alianza na wale waliopasuliwa utumbo, na baadaye njia hiyo ikaenea kwa upasuaji wa aina nyingi, pamoja na wa matiti.

Tena upasuaji wa titi haufungui tumbo. Mama wengi huweza kula jioni ile ile na kwenda chooni kwa miguu yao. Na wadi ina viini vya magonjwa ya watu wengine.

Lakini kurudi mapema ni kuzuri ikiwa tu kuna mtu anayemwangalia. Huko New York kuna kituo cha upasuaji wa saratani kinachoitwa Josie Robertson, kilichofunguliwa mwaka 2016. Wagonjwa wake huenda nyumbani siku ile ile au baada ya usiku mmoja. Kila siku, kwa muda wa siku kumi hivi, mgonjwa huletewa maswali kwa simu au kompyuta: Maumivu yakoje? Unapumua vizuri? Unatapika? Kidonda kikoje? Majibu yanaenda kwa wauguzi, na jibu baya likionekana wanamtafuta.

Sisi hatuna mitambo hiyo kijijini. Lakini tuna daftari, tuna kalamu, na tuna mwenzetu anayeishi ng'ambo tu ya ua. Hiyo inatosha kuanza.

KABLA YA UPASUAJI

Kikundi kisingoje mgonjwa arudi ndipo kianze kukimbia. Haya yafanywe mapema:

1. Chagueni watu wawili, wasiwe ishirini. Mmoja awe mtu wa nyumbani kwake, mume, binti au dada. Wa pili awe wa kikundi. Hao wawili waende naye hospitali wasikie maagizo kwa masikio yao. Mgonjwa aliyetoka kwa dawa ya usingizi hawezi kushika yote anayoambiwa.

2. Ajiandikishe SHA na alipe mchango. SHA ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Msingoje siku ya upasuaji. Ulizeni hospitali kitu gani kinalipiwa na kitu gani mtatoa mfukoni.

3. Amwambie daktari dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba na hata aspirini. Nyingine hufanya damu isigande upesi. Asifiche.

4. Afuate saa aliyopewa ya kuacha kula na kunywa. Wako watu wa huruma wanaompa mgonjwa chai ya maziwa asubuhi wakisema, "Atapata nguvu wapi?" Huruma hiyo ni ya hatari. Akilala na chakula tumboni, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hospitali nyingi siku hizi huruhusu maji matupu mpaka saa mbili kabla ya upasuaji, lakini hiyo ni ya daktari kusema.

5. Wekeni kando nauli ya kurudi kliniki. Hapa tunakosea sana. Tunachanga pesa zote zinaishia siku ya upasuaji, halafu siku ya kuondolewa mrija hakuna hata ya matatu. Hiyo nauli ifungwe kwa bahasha yake, iandikwe, na mweka hazina asiiguse kwa jambo lingine.

SIKU YA KURUDI

Msiondoke hospitali kabla ya kuandika majibu ya maswali haya: Dawa gani, ngapi, saa ngapi? Kidonda kifunuliwe lini, na aoge lini? Chupa tuifanyie nini? Mkono aanze kuunyoosha lini? Turudi tarehe ngapi? Usiku jambo likiharibika, tupige namba gani?

Asirudi peke yake. Kwa masaa 24 baada ya dawa ya usingizi asiendeshe gari wala pikipiki, asipike kwa moto mkali, na asitie sahihi karatasi yoyote ya shamba au mkopo. Kama njia ina mashimo, pesa ya gari ndogo ni afadhali kuliko bodaboda.

NYUMBANI: MAMBO SITA

Maumivu. Wengi wetu tulifundishwa kuvumilia. Lakini mama mwenye maumivu hapumui vizuri, hatembei, halali, na mkono wake unakauka. Kwa hivyo dawa imezwe kwa saa, asingoje mpaka alie. Kama amepewa paracetamol, kiasi cha kawaida cha mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila masaa sita, na visizidi vinane kwa siku moja. Mtu mwembamba sana au mwenye ugonjwa wa ini huhitaji kidogo zaidi, kwa hivyo daktari aulizwe. Angalieni pia, dawa nyingi za homa za dukani zina paracetamol ndani, msije mkampa mara mbili. Dawa kama ibuprofen imezwe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asipewe bila daktari. Akiwa amepewa morfini, anaweza kufunga choo. Anywe maji mengi, ale mboga na papai, na kama bado, aombe dawa ya kulainisha choo.

Chupa. Mrija unatoa maji yanayokusanyika mahali palipokatwa. Siku za kwanza ni mekundu, halafu yanakuwa kama maji ya kuoshea nyama, mwishowe ya manjano hafifu. Hiyo ni kawaida. Chupa ziko za aina mbili. Kuna ile ngumu inayobadilishwa na hospitali, hiyo msiifungue. Kuna ile laini ya kufinya. Hiyo humwagwa asubuhi na jioni hivi:

a) Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa, siyo ya beseni.
b) Fungua kifuniko, mimina kwa kikombe cha kupimia ulichopewa.
c) Soma kiasi. Andika tarehe, saa, kiasi na rangi.
d) Finya chupa mpaka hewa yote itoke, na uifunge ikiwa bado imefinywa. Ukiifunga ikiwa imejaa hewa, haitavuta kitu.
e) Mwaga maji chooni, halafu nawa tena.

Chupa ikae chini kuliko kidonda, ibanwe kwa pini kwenye nguo au leso ili mrija usivutwe. Hospitali nyingi huondoa mrija maji yakipungua chini ya mililita 30 kwa siku nzima, yaani vijiko sita vidogo vya chai. Ndiyo sababu kuandika kiasi ni muhimu: daktari ataamua kwa kusoma daftari lenu. Msiuvute mrija wenyewe.

Kidonda. Kiwe safi na kikavu mpaka siku mliyoambiwa. Msipake jivu, majani, samli, spiriti, wala mafuta ya maombi. Mafuta ya maombi yapakwe kwa paji la uso, Mungu atasikia vile vile. Baada ya mrija kutolewa, pengine maji yatakusanyika tena chini ya kovu na kufanya uvimbe laini. Hilo hutokea mara nyingi na halitishi, lakini lionwe kliniki. Asitokee fundi wa kijijini akaitoboa kwa sindano.

Chakula. Kidonda hujengwa na vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, maziwa, omena, kuku, njugu. Aongezewe managu, terere au sukuma wiki, na matunda. Msimnyime mayai au nyama eti kidonda kitaoza. Kinyume chake, kidonda cha mtu mwenye njaa hakifungi. Hamu ikiwa haipo, apewe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Mwenye kisukari afuate dawa zake sawasawa, kwa kuwa sukari ikipanda kidonda huchelewa. Sigara na pombe zikae mbali.

Kutembea. Asilale siku nzima. Tangu siku ya kwanza aende chooni kwa miguu, azunguke boma mara chache, aketi kwa kiti nje. Kulala tu kunaweza kufanya damu igande miguuni, na damu hiyo ikipanda kwenye mapafu inaua.

Mkono. Hapa ndipo wengi huharibikiwa bila kujua. Mama anaogopa kidonda kitafunguka, basi anaubana mkono kifuani wiki tatu. Akitaka kuchana nywele anagundua bega limekauka. Kama daktari hakukataza, kesho yake aanze pole pole: afunge na kufungua ngumi, akunje na kunyoosha kiwiko, azungushe mabega, ajichane nywele mwenyewe. Mkono usipande juu ya bega mpaka aruhusiwe, na mara nyingi hiyo ni baada ya mrija kutoka. Baadaye asimame akiutazama ukuta na kupandisha vidole juu kama buibui, kila siku mbele kidogo. Kuvutika kidogo ni sawa. Maumivu makali ni dalili ya kusimama.

Lakini kunyoosha mkono si kufanya kazi. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Asiibebe. Asishike jembe, asipasue kuni, asibebe mtoto mgongoni, wala asikamue kwa mkono huo, mpaka daktari aseme. Kwa wengi ni wiki nne mpaka sita. Tukiwa wakweli, mama wa kijiji hataacha kazi hizo kwa kuambiwa tu. Ataacha akiona maji yameshafika mlangoni. Basi kikundi kipange zamu: Jumatatu fulani anateka maji, Jumanne mwingine analeta kuni, vijana wanapalilia. Hiyo nayo ni dawa.

DAFTARI LA SIKU KUMI

Yule mmoja wa kikundi aliyechaguliwa afike kila siku, kwa siku kumi, saa ile ile. Akishindwa, apige simu. Aulize maswali haya haya na aandike majibu:

1. Maumivu ya leo ni kidogo, wastani au makali? Yamepungua kuliko jana?
2. Umehisi baridi, kutetemeka au joto? Kama kuna kipima joto, pima uandike.
3. Kidonda kimebadilika: wekundu, joto, harufu, maji?
4. Chupa imetoa kiasi gani, na rangi gani?
5. Umekula nini? Umetapika? Umepata choo?
6. Umetembea? Umenyoosha mkono? Unapumua vizuri?

Msiulize, "U mzima?" Kwa heshima zetu jibu la swali hilo ni "Ni mzima" hata kama mtu anakufa. Ulizeni, "Jana usiku ulilala masaa mangapi?" Hapo ndipo atakapoeleza. Na swali liulizwe wakati wageni wametoka. Hatasema habari za kifua chake mbele ya wazee kumi na watoto wa jirani.

Aliyeshika daftari awe mtu wa kuficha siri. Yaliyoandikwa si ya kusomwa mkutanoni wala kuombewa kwa jina hadharani bila ruhusa yake.

Mwiteni pia mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita CHP. Serikali ilizindua wahudumu 100,000 hivi mwaka 2023 na kuwapa mikoba yenye vifaa, pamoja na kipima joto. Afike siku za kwanza aone na yeye.

MSINGOJE ASUBUHI

Dalili hizi zikionekana, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili katikati ya misa:

- Chupa inajaa damu nyekundu upesi, au kifua kinavimba ghafla na kukaza.
- Kukosa pumzi au maumivu ya kifua anapovuta hewa.
- Mguu mmoja umevimba na unauma.
- Joto la mwili digrii 38 au zaidi, au kutetemeka.
- Kidonda kinazidi kuwa chekundu, kina joto, kinanuka, kina usaha, au kimefunguka.
- Anatapika hata maji, au amechanganyikiwa.

Kikundi kijue mapema ni gari la nani litaitwa, na nani atalipa mafuta.

BAADA YA SIKU KUMI

Kidonda kikifunga kazi haijaisha. Nyama iliyotolewa hupelekwa kupimwa, na majibu yake ndiyo yanayoonyesha kama mama atahitaji dawa za saratani, mionzi, au vidonge vya kumeza kwa miaka mitano au zaidi. Wako wanaojiona wazima wakaacha kurudi, na ugonjwa ukarudi badala yao. Tena akitokea mhubiri wa kumwambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani, mwambieni kwa adabu kwamba sisi tunaomba na tunameza.

Aliyetolewa tezi za kwapani aulinde mkono ule siku zote: avae glavu akilima, ajihadhari na moto na miiba, aoshe hata mkwaruzo mdogo. Akiona bangili au mkono wa blauzi unabana upande mmoja, arudi kliniki mapema. Uvimbe wa mkono ukishikwa mwanzo hutulizwa. Ukiachwa, hukaa.

Vikundi vinavyoshona vinaweza pia kumsaidia kwa kitambaa laini na pamba, kufanya titi la kuvaa ndani ya sidiria kidonda kikishapona. Ni kazi ya saa moja, lakini mama hurudi kanisani bila kujifunika kanga kifuani. Na mume asisahauliwe. Mwanamume mmoja wa rika lake akae naye amweleze kwamba saratani haiambukizi, na kwamba mke wake hajapungua.

Tunaijua sote ile habari ya Msamaria katika Luka, sura ya 10. Tunapenda kukumbuka pale alipomfunga majeraha njiani. Lakini hakuishia hapo. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamwangalia usiku ule, kesho yake akaacha pesa za kumtunza, na akaahidi kupita tena. Vikundi vyetu ni hodari kwa ile sehemu ya njiani. Tujifunze sasa ile ya kesho yake, na ile ya kupita tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mwenzetu wa mwisho aliyepasuliwa, ni nani alimwangalia siku ya nne? Je, tunajua?
2. Katika kikundi chetu, ni nani anayeaminika kushika daftari na kuficha siri?
3. Je, mfuko wetu una bahasha ya nauli ya kurudi kliniki? Tuanze na shilingi ngapi kila mwezi?
4. Ni kazi gani za nyumbani tunazoweza kumfanyia mgonjwa kwa wiki sita? Andikeni zamu kwa majina.
5. Ni mila au maneno gani hapa kwetu yanayomfanya mgonjwa anyamaze? Tutayaondoaje?